Jumapili Bila Feza: Historia ya Matembezi ya Familia Mjini Goma

Katika Kiswahili cha Goma, "kutembea" ni kwenda kwa miguu, na pia ni kwenda kusalimia watu. Mama akisema siku ya Jumapili "twende tutembee", mtoto hajui bado kama atafika ziwani au atakaa kwenye kiti cha shangazi kule Katindo akisubiri chai. Maana hizo mbili zinakaa pamoja kwa sababu ya mfuko. Familia nyingi za mji huu hazina feza ya kulipia mlango wa kuingilia, kwa hiyo matembezi yao yamekuwa miguu, jamaa, na vitu ambavyo hakuna aliyeweza kuvifungia ndani: ziwa, mlima na mawe ya volkano.

Swali la wapi pa kupeleka watoto bila kutoa feza linaonekana dogo, hasa kwa wakati huu. Familia zilizokimbia vita zinauliza kwanza unga, dawa na paa. Lakini hilo nalo zinauliza. Mtoto aliyeletwa kutoka Rutshuru akiwa mgongoni mwa mama, akakua chini ya shitingi pale Kanyaruchinya, ameweza kukaa miaka miwili akisikia habari za Ziwa Kivu bila kugusa maji yake. Wazazi wake wanajua kwamba mtoto haishi kwa bugali peke yake. Na wakitafuta mahali pa kumpeleka, wanakuta kwamba jambo hilo lina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni kuta.

Ziwa lilipokuwa la wazungu

Goma ilianza kama kituo kidogo cha Wabelgiji mwanzoni mwa karne ya 20, kikiangaliana na Wajerumani waliokuwa upande wa Gisenyi. Mwaka 1910 Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza walipatana Brussels juu ya mipaka, na mpaka uliotokana na mapatano hayo ndio ambao leo watu wa Birere wanauvuka na mizigo kichwani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wabelgiji walichukua na Rwanda, kwa hiyo kwa miaka mingi ufuko wote wa kaskazini wa ziwa ulikuwa chini ya bwana mmoja.

Bwana huyo aliupenda kwa hewa yake. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, usiku una baridi, mbu si wengi kama bondeni, na ziwa halina mamba. Tarehe 21 Aprili 1925 Mfalme Albert alitia sahihi ya kuunda mbuga iliyochukua jina lake, Parc Albert, ile ambayo tunaiita Virunga tangu mwaka 1969. Mwaka 1928 ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, CNKi, ikapewa mamlaka juu ya ardhi kubwa ya nchi hii ili iwagawie walowezi. Kahawa na pareto zikapandwa milimani, nyumba za mapumziko zikajengwa ziwani, hoteli zikafunguliwa. Hoteli ya Grands Lacs, katikati ya mji, ni kumbukumbu ya wakati huo. Mzungu wa Kisangani au Bujumbura aliyechoka na joto alikuja Kivu kupumua.

Mwafrika alifika kwenye ufuko huo akiwa na kazi: kupika, kufua, kubeba, kupiga kasia. Kazi ikiisha alirudi kwenye cité, kwa sababu miji ya Kongo ya Wabelgiji ilijengwa kwa sehemu mbili, na usiku mtu mweusi hakuruhusiwa kuzunguka sehemu ya weupe bila karatasi. Jina la Birere, mtaa wa zamani wa watu wa kawaida, wazee wanalieleza kwa majani makavu ya migomba yaliyotumika kujengea vibanda vya kwanza. Kati ya majani yale na maua ya bustani za ziwani hapakuwa na mbali. Mtu angeweza kwenda kwa miguu kabla chai haijapoa, lakini hakualikwa.

Wamisionari walijua kwamba watu wanaofanya kazi siku sita watatafuta kitu cha kufanya siku ya saba, na walipendelea kitu hicho kiwe karibu na kanisa. Ndiyo maana katika Kongo nzima viwanja vingi vya kwanza vya mpira vilikuwa vya misheni, na sinema za kwanza ambazo Waafrika walitazama zilionyeshwa na mapadri na serikali ya kikoloni, kwenye shuka jeupe usiku. Zilikuwa za bure. Zilikuwa pia zimechaguliwa na wengine. Hata hivyo desturi ya Jumapili ya Goma inatoka huko: ibada asubuhi, kwaya, mpira mchana, kutembeleana jioni. Wakoloni waliondoka, lakini ratiba ilibaki, na Waprotestanti, Wakatoliki na hata wasioenda kanisani wanaifuata. Siku ya Idi, familia za Kiislamu za Birere na Majengo zinafanya vilevile: watoto wanavalishwa vizuri, wanapitishwa nyumba kwa nyumba, wanarudi na peremende.

Uhuru, na kuta mpya

Baada ya tarehe 30 Juni 1960 hakuna sheria iliyomkataza tena Mkongomani kukaa ufukoni. Mtu angetegemea kwamba ziwa lingefunguka. Halikufunguka sana.

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba ardhi ni mali ya Serikali, na kitanda cha ziwa ni mali ya umma. Kwenye karatasi hakuna anayeweza kumiliki Ziwa Kivu. Lakini tarehe 30 Novemba mwaka huo huo Mobutu alitangaza kwamba mashamba na biashara za wageni zitapewa Wazaire, na kila mtu anajua ni Wazaire gani waliopewa. Viwanja vizuri vilibaki vya wachache, rangi tu ya wenye navyo ilibadilika. Rais mwenyewe alikuwa na jumba lake ufukoni mwa Goma. Ni jumba lile lile ambalo Laurent-Désiré Kabila alilitumia wakati wa vita vya 1996 na 1997.

Wakati wa Mobutu kulikuwa na sherehe nyingi zisizolipiwa. Siku ya chama, tarehe 20 Mei, na tarehe 24 Novemba, siku aliyochukua madaraka, wanafunzi na wafanyakazi walipanga mistari, wakaimba, wakacheza ngoma za kusifu. Mlango ulikuwa bure. Kilichokuwa na bei ni kukosa kuja. Pamoja na hayo, wazee wengi wakikumbuka utoto wao wanazikumbuka siku zile kwa sare mpya, kwa fanfare, na kwa kutembea katikati ya barabara kubwa bila kuogopa gari. Ni haki yao kukumbuka hivyo. Mtoto hachagui siasa ya sherehe.

Mbuga nayo ilipata heshima ya dunia: mwaka 1979 iliandikwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na mwaka 1994 ikawekwa kati ya zile zilizo hatarini. Lakini haikupata kuwa mahali pa matembezi kwa familia ya Mabanga au Ndosho. Miaka ya karibuni, kabla milango ya utalii kufungwa Machi 2020, ruhusa ya kupanda Nyiragongo ilikuwa dola 300 kwa mgeni. Feza hiyo inalipa walinzi, na walinzi wengi wamekufa kazini, kwa hiyo si haki kuicheka bei hiyo. Ni kweli pia kwamba watoto wengi wa Goma wamekua chini ya mlima huo na hawajaona mdomo wake ila kwenye simu.

Walichokuwa nacho ni mwanga. Kwa miaka mingi, usiku mawingu yakipanda, anga juu ya Nyiragongo ilikuwa nyekundu kwa sababu ya ziwa la moto lililokuwa ndani yake. Familia zilikaa mbele ya nyumba zikitazama. Haikuhitaji tiketi, na wageni walilipa safari za ndege kutoka Ulaya kuja kuona jambo hilo hilo.

Miaka ya 2000 ilileta kuta nyingine kando ya maji. MONUC ilikuwa imeundwa mwaka 1999, mashirika ya misaada yakajaa mjini, na wote walitafuta nyumba salama zenye nafasi. Kodi za viwanja vya ziwani zikapanda. Mwenye kiwanja akajenga ukuta, akaweka waya juu, akapangisha kwa dola. Hoteli zikafuata. Mtu anaweza kutembea leo kutoka Himbi hadi Kyeshero akijua kwamba ziwa liko mkono wa kushoto, na asilione ila kwenye nafasi kati ya mageti. Katika hoteli nyingi mtu anaingia vizuri tu, lakini akikaa lazima anunue kinywaji. Kwa baba mwenye watoto sita, soda saba si matembezi tena, ni deni.

Nafasi zilizobaki wazi zilibaki kwa sababu ya kiu. Maji ya Regideso hayajawahi kutosha mji huu, na watu wanashuka ziwani na bidoni za njano: Kituku, bandari ya umma, na vijia vingine vyembamba kati ya kuta. Hapo ndipo plaji ya watu wa kawaida ilipo. Wamama wanachota na kufua, wavulana wanaruka majini, wasichana wanaogesha wadogo zao, chukudu zinapakia madumu, sambaza wanauzwa juu ya sinia. Hakuna aliyepanga pawe mahali pa kupumzikia. Maji yangefika kwenye nyumba zote, labda hata vijia hivyo vingekuwa vimeshauzwa.

1994: hakuna aliyetembea

Julai 1994, kwa siku chache tu, watu karibu milioni moja walivuka kutoka Rwanda. Walilala barabarani, kwenye viwanja vya shule, makanisani, ufukoni. Ardhi ya Goma ni jiwe la volkano, haichimbiki kwa jembe. Vyoo havikuchimbwa na makaburi pia. Watu walikunywa maji ya ziwa, na kipindupindu na kuhara damu vikaua watu karibu 50,000 katika mwezi wa kwanza. Kambi za Mugunga, Kibumba, Katale na Kahindo zikakaa hadi vita vya mwisho wa 1996.

Historia ya matembezi haiwezi kuruka mwaka huo, kwa sababu ulibadilisha namna mji unavyoyaona maji. Wazazi waliokuwa vijana wakati ule wanawaambia watoto wao hadi leo wasimeze hata tone wanapoogelea. Wana haki, kwani kipindupindu hakijawahi kuondoka kabisa Goma. Ulibadilisha pia viwanja. Tangu hapo, kila taabu inapokuja, mahali pa kwanza kujaa ni pale watoto walipokuwa wanacheza: uwanja wa shule, ua wa kanisa, uwanja wa mpira. Mji hauna nafasi nyingine. Kila familia inayofika kutafuta pa kulala inachukua, bila kutaka, goli la mtu mwingine.

Lava

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ulipasuka na lava ikapita katikati ya mji hadi ziwani. Mamia ya maelfu ya watu walikimbilia Gisenyi na Sake. Kanisa kuu la Saint-Joseph liliungua, sehemu ya uwanja wa ndege ilifunikwa, na maduka ya katikati ya mji yalizama kwenye jiwe. Siku chache baadaye watu walirudi, wakatembea juu ya mawe ambayo bado yalikuwa ya moto chini ya kandambili, wakitafuta mahali nyumba ilipokuwa.

Lava ikapoa, ikawa kuta, ikawa misingi, ikawa barabara. Ikawa pia uwanja. Kwa miaka mingi kuta za kanisa kuu zilizoungua zilisimama juu ya mawe meusi, na watu walikwenda kuziona, na wageni wao, na watoto wao. Mtoto wa Goma anajifunza historia hii kwa miguu: hapa lava ya 2002 ilipita, hapa chini kuna ghorofa ya kwanza ya nyumba, ile unayoiona ni ya pili. Shule ingeweza kufanya somo zima bila kununua kitabu, na zipo zilizofanya.

Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka tena, jioni. Lava ilishuka upande wa Buhene, ikakata barabara ya Rutshuru, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Tarehe 27 Mei serikali ya mkoa iliamuru kata kumi za mji zihame. Familia zilitembea hadi Sake usiku, na watoto wengi walifikiri mwanzoni kwamba ni safari. Waliporudi, mawe mapya yakawa mahali pa kwenda kuona. Watu walipanda juu wakapiga picha. Kuna waliosema ni aibu kupiga picha juu ya nyumba ya mtu. Lakini hata mwenye nyumba alikuja na simu yake. Na ule mwanga mwekundu wa usiku ulikuwa umezimika, kwa sababu mlima ulijimwaga.

Chukudu, sinema na dola moja

Mwaka 2009 mji ulipata sanamu ya mtu anayesukuma chukudu. Ilipakwa rangi ya dhahabu, ikawekwa kwenye mzunguko wa barabara, na Rais Joseph Kabila akaja kuizindua. Wapo walioikosoa: mji usio na maji unajengewa sanamu. Maneno hayo yalikuwa na ukweli. Lakini familia zilifanya uamuzi wao bila kungoja. Waliooa, waliobatizwa, waliomaliza shule, walikuja kupiga picha pale, na wapiga picha wakapata kazi. Katika mji ambapo sanamu nyingi za Kongo zinaonyesha marais, hii inaonyesha mbeba mizigo.

Chukudu yenyewe ilianza kuonekana katika Kivu ya Kaskazini miaka ya 1970: mbao, magurudumu mawili, mpira wa tairi kuukuu uliopigiliwa misumari. Watu wazima wanabebea makala, viazi na kabichi. Watoto walitengeneza ndogo zao, wakatafuta mteremko. Hakuna mchezo uliotoka hapa hapa kama huo, na mteremko Goma haukosi.

Katika miaka hiyo hiyo ya 2000 vijana walianza kujitengenezea burudani yao. Kituo cha Yole!Africa, kilichoanzishwa na mtengeneza filamu Petna Ndaliko Katondolo, kilifundisha sinema, dansi na muziki, na tamasha lake la filamu lilionyesha picha bila kiingilio. Foyer Culturel ikawa mahali pa mazoezi na maonyesho. Lile shuka jeupe la mapadri lilikuwa limerudi, mara hii kamera ikiwa mikononi mwa watoto wa mtaa.

Halafu ikaja Amani. Tamasha hilo lilipangwa Agosti 2013, miezi michache baada ya M23 kuushika mji tarehe 20 Novemba 2012 na kuondoka mwanzoni mwa Desemba. Mapigano yakalisukuma mbele, na Februari 2014 likafanyika kwa mara ya kwanza, kwenye kiwanja cha Collège Mwanga. Kiingilio kilikuwa dola moja kwa siku. Maelfu walikuja kwa siku tatu, wanafunzi kwa wanajeshi, na kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kumuona mwanamuziki wa nje kwa macho.

Dola moja ilikuwa bei ya chini kwa makusudi, na wenye tamasha wanastahili sifa kwa hilo. Lakini hesabu ya familia ni nyingine. Watu wanane ni dola nane, na kurudi nyumbani usiku kunataka moto, kwa sababu hakuna anayetembeza watoto gizani hadi Mugunga. Kwa hiyo familia nyingi zilifanya Amani yao nje ya ukuta, zikisikiliza. Wauza mahindi ya kuchoma na karanga walikuwa huko pia. Muziki haukai ndani ya ukuta, na wale wa nje walicheza sawa na wale wa ndani.

Upande wa pili

Kwa muda mrefu plaji nzuri ya bure ya watu wa Goma ilikuwa Gisenyi. Kuna mchanga, kuna miti, kuna njia ya kutembea kando ya maji, na hakuna ukuta. Jumuiya ya CEPGL iliyoundwa mwaka 1976 kati ya Zaire, Rwanda na Burundi ilirahisisha kuvuka kwa watu wa mipakani, na Petite Barrière ikawa moja ya mipaka inayopitwa na watu wengi zaidi Afrika. Wengi walivuka kutafuta maisha. Jumapili wengine walivuka kutafuta kivuli.

Aliyevuka alirudi na swali ambalo halijajibiwa: kwa nini ziwa moja lina ufuko wa watu upande mmoja, na upande mwingine lina mageti? Si swali la kusifu nchi ya jirani. Ni swali kwa maofisi yetu yaliyotia sahihi ya viwanja.

Mpaka huo haukukaa wazi vilevile. Mwaka 2019 Ebola ilipofika Goma, watu walivuka kwa kunawa mikono na kupimwa joto. Machi 2020 Covid iliufunga. Juni 2022, baada ya mwanajeshi wa Kongo kuuawa pale Petite Barrière, saa ya kufunga ilirudishwa hadi tisa mchana. Jumapili inayoisha saa tisa haimtoshi mtu aliyetoka kanisani saa saba.

Mahali pa matembezi palipogeuka kambi

Magharibi ya mji, karibu na Mugunga, kuna Lac Vert, ziwa dogo la kijani ndani ya shimo la volkano ya zamani, lililotengwa na Ziwa Kivu na ukanda mwembamba wa ardhi. Kabla ya vita hivi, vijana na familia walikwenda kule na chakula chao, wakakaa juu ya ukingo, wakasimuliana hadithi za kutisha kuhusu kina chake.

Tangu M23 ilipochukua Bunagana tarehe 13 Juni 2022, mamia ya maelfu ya watu walifika kandokando ya Goma. Kanyaruchinya ilijaa, halafu Bulengo, Lushagala, Rusayo, na jina la Lac Vert likawa jina la kambi. Wenyeji wa mji waliacha kwenda kutembea huko, na sababu si vigumu kuielewa. Mahali mtu alipoleta ndizi za kuchoma na mkeka, mwingine alikuwa anatafuta kuni. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yalianguka kwenye kambi za Lac Vert na Mugunga, na kati ya waliokufa kulikuwa na watoto wengi.

Ndani ya kambi kulikuwa na michezo, na hilo linastahili kuandikwa. Mashirika yalitenga nafasi za watoto kuchezea. Lakini watoto hawakungoja. Mipira ya mifuko ya plastiki iliyofungwa kamba, mduara wa kuimba wa wasichana, gurudumu na kijiti. Wanaume walikusanyika kwenye redio moja kusikiliza habari na mpira. Radio Okapi, iliyoanza Februari 2002, inasema Kiswahili, na betri moja ilihudumia mistari mizima ya shitingi.

Tarehe 27 Januari 2025 mji uliangukia mikononi mwa M23. Wiki mbili baadaye kambi ziliambiwa zivunjwe kwa siku chache. Wapo waliorudi vijijini, wakakuta nyumba au wakakuta majani. Wapo waliobaki mjini kwa jamaa, familia tatu kwenye vyumba viwili. Kwa hawa wa mwisho, kutoka nje siku ya Jumapili si anasa. Nyumba ya mwenyeji inahitaji kupumua, na mgeni anajua. Kuchukua watoto wote, wa mwenyeji na wa mgeni, na kwenda nao hadi jioni ni zawadi ambayo mtu asiye na kitu anaweza kumpa aliyempokea. Wamama wengi wameigundua wenyewe.

Kinachobaki bila kulipa

Mzunguko wa Chukudu bado ni bure, na mtoto aliyetoka kijijini anaifahamu chukudu kuliko mtoto wa mjini, kwa hiyo hapo ni yeye anayefundisha. Mazoezi ya kwaya ni bure, katika parokia za Kikatoliki na makanisa ya CBCA, na hakuna anayemuuliza msikilizaji dini yake. Mpira wa mtaa ni bure. Mechi za DC Virunga na Dauphins Noirs si bure, lakini kelele za uwanja wa Unité zinasikika kutoka barabarani. Mawe ya 2002 yapo. Shangazi wa Katindo yupo, chai ikiwepo.

Ziwa lipo pia, ila linataka akili. Ufuko wa Goma ni lava iliyokatika, na hatua mbili kutoka ukingoni kina kinashuka ghafla. Mtoto asiyejua kuogelea akae pale ambapo mtu mzima anamshika mkono. Gesi inayosemwa sana, metani na kabonidioksidi, imeyeyuka katika maji ya chini sana, haimgusi anayeoga ufukoni. Kituku nako panataka uangalifu, maana ni bandari na soko. Tarehe 3 Oktoba 2024, wakati barabara ya Sake ilikuwa imefungwa na vita na watu wote walikuwa wanapita majini, mashua iliyojaa watu kutoka Minova ilizama mbele ya bandari hiyo, macho ya waliokuwa wakiwangoja yakiona. Wapo ambao tangu siku hiyo hawapeleki watoto pale, na hakuna wa kuwalaumu.

Kwa wanaotaka kwenda upande wa Bulengo, Mugunga na Lac Vert, kuna mazuku. Wenyeji wa kule wanayajua, waliohamia hawayajui wote. Ni gesi nzito isiyoonekana, inatoka kwenye nyufa za ardhi na kukaa kwenye mabonde madogo na mashimo, hasa usiku na asubuhi mapema wakati hakuna upepo. Inaua mbuzi, mbwa na watu, na inaanza na wafupi kwa sababu inakaa chini. Pakiwa na ndege au wadudu waliokufa kwenye shimo, hapo si pa kushuka. Familia isubiri jua lipande na upepo uanze, itandike mkeka mahali palipoinuka, na mtu akienda kuchukua mpira ulioanguka bondeni awe mtu mzima, si mtoto.